Babula na Makala: Maneno na Matumizi ya Moto Mdogo katika Keshero, Goma

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu makala. Msomaji wa Unguja au wa Dar es Salaam huenda akaona kwamba sentensi hiyo inajirudia bure, kwani kwake makala ni maandishi yanayochapishwa katika jarida. Msomaji wa Goma hatatatizika. Kwake makala ni, kwanza kabisa, kitu cheusi kinachonunuliwa sokoni kwa gunia au kwa kopo, kinachosafirishwa kwa chukudu, na ambacho bila hicho sombe haiivi wala maji ya bugali hayachemki. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti tu. Makala ya jaridani yametoka katika Kiarabu, ilhali makala ya sokoni ni neno la Kibantu ambalo katika Kiswahili sanifu limekuwa makaa, na ambalo pia limezaa mkaa.

Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza chombo ambacho makala hayo huwashwa ndani yake, yaani babula, na hasa babula ndogo ya chuma cha kusubu: ilivyo, inavyotunzwa, na inavyopikiwa. Tumechagua kitu kidogo cha nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu. Maneno yanayotumika kando ya babula yanaonyesha waziwazi jinsi Kiswahili cha mashariki ya Kongo kinavyohusiana na Kiswahili cha pwani, na wanafunzi wetu wanayaonea haya maneno hayo bila sababu. Ya pili ni nzito zaidi. Pamoja na utajiri wote wa msamiati wa moto, kuna jambo moja la hatari ambalo watu wa Keshero hulitaja kwa jina lisilolifaa, na kosa hilo la jina linaweza kumgharimu mtu uhai wake. Tutalifikia jambo hilo baada ya kukieleza chombo chenyewe.

2. Jina la chombo na jina la kichomwacho

Neno babula, ambalo wengine hulitamka mbabula, halimo katika msamiati wa kawaida wa Kiswahili sanifu. Mtu wa pwani husema jiko, au jiko la mkaa. Hata hivyo, babula si neno geni katika ukoo wa Kibantu. Kinyarwanda na Kirundi vina imbabura, na kusini, katika Kibemba na Kinyanja, kuna mbaula. Maneno yote hayo hutaja chombo cha kuwekea makaa ya moto.

Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kina kitenzi cha ukoo huo. Kitenzi hicho ni babua, chenye maana ya kuunguza juujuu kwa moto, na ndicho tunachokisikia katika kauli kama ‘ngozi imebabuka’. Kinyarwanda kina kubabura, yaani kupitisha kitu motoni. Kwa hiyo babula inaelekea kuwa, kwa asili, kitu cha kubabulia. Mtu wa pwani amekihifadhi kitenzi, mtu wa Goma amelihifadhi jina la chombo. Hakuna aliyeharibu lugha ya mwenziwe.

Tofauti ya sauti iliyopo kati ya babula na babua ni ile ile iliyopo kati ya makala na makaa. Katika Kiswahili cha pwani, sauti ya asili iliyokuwa ikisimama kati ya irabu mbili, na ambayo lugha nyingi za bara huitamka l au r, imedondoka katika maneno mengi. Tazama mifano ifuatayo, neno la kwanza likiwa la mashariki ya Kongo na la pili la Kiswahili sanifu:

makala – makaa
njala – njaa
kuzala – kuzaa
kufungula – kufungua

Kinyarwanda kina amakara na inzara kwa maneno mawili ya kwanza. Kilingala kina makala na nzala. Haifai kudhani kwamba msemaji wa Goma ‘ameongeza’ l kwa kutojua. Wala haielekei kwamba l hiyo imehifadhiwa tu tangu zamani za kale, kwani Kiswahili kiliingia Kongo kutoka mashariki pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, wakati wa Tippu Tip na vituo vya Nyangwe na Kasongo, kikiwa tayari kimeshaidondosha sauti hiyo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wale waliokipokea Kiswahili walikuwa na makala na njala katika lugha zao za nyumbani, wakayatambua maneno ya ndugu zao waliotoka pwani, na wakayatamka kama walivyoyazoea.

Pamoja na babula na makala, Keshero bado inayajua mafiga, yaani mawe matatu ya kuinjikia chungu. Katika mji huu, ambao ardhi yake ni mawe meusi ya volkeno, mafiga hayahitaji kutafutwa mbali. Methali ya pwani isemayo ‘jifya moja haliinjiki chungu’ hueleweka hapa mara moja, kwani jifya, au figa, ni ishyiga la Kinyarwanda, wingi wake amashyiga.

3. Aina za babula

Kwa maelezo yetu tutazigawa babula katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni babula ya bati. Hutengenezwa na mafundi wa mjini kwa mabati na mapipa yaliyokwisha kutumika. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na hupatikana kila sokoni. Kasoro yake ni kwamba ukuta wake ni mwembamba. Joto jingi hupotea pembeni badala ya kupanda kwenye sufuria, na bati lenyewe huliwa upesi na moto na kutu.

Aina ya pili ni babula ya bati iliyotiwa udongo wa kuchomwa kwa ndani. Mfano wake mashuhuri ni jiko la kauri la Kenya, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand. Udongo huzuia joto lisitoroke kupitia ukutani, na jiko la namna hiyo likitengenezwa vizuri na kutumiwa vizuri huweza kupunguza mkaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 yakilinganishwa na lile la bati tupu.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha maelezo haya, ni babula ndogo ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Hii ni adimu katika Keshero, na sababu ya uadimu huo ni ya kifundi. Mafundi wa miji yetu huyeyusha alumini kuukuu na kusubu sufuria, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, joto ambalo tanuri dogo la makala lenye mivukuto huweza kulifikia. Chuma cha kusubu huhitaji zaidi ya nyuzi 1,100. Kwa sababu hiyo, babula za namna hiyo huja kutoka ng’ambo, aghalabu zikiachwa na wageni waliomaliza kazi zao. Mwandishi aliipata yake kwa njia hiyo.

Kwa umbo, ni kisanduku kifupi chenye miguu minne, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani mna kichanja cha kulazia makala, na chini yake nafasi ya kuangukia majivu. Ubavuni pana kijilango cha kuingizia hewa. Juu hukaa wavu mzito wa chuma hicho hicho, ambao huweza kuinuliwa na kushushwa kwenye vidato viwili au vitatu.

Tabia yake yote hutokana na uzito. Chuma cha kusubu huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Babula ya bati ikipigwa na upepo wa ziwa, joto lake huyumba. Ile ya chuma hubaki pale pale, kwa kuwa ukuta wake umeshiba joto. Uzuri huo una upande wake wa pili. Chuma hicho kina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 2 hadi 4, na kwa hiyo ni kigumu lakini hakipindiki. Kikianguka juu ya mawe ya volkeno, huvunjika. Kikimwagiwa maji baridi kingali moto, hupasuka kwa kishindo. Babula ya bati iliyopinda hunyoshwa kwa nyundo. Ya chuma iliyopasuka ndiyo imekwisha.

4. Kuitunza

Adui wa kwanza wa chuma ni kutu, na Goma ni mji wa mvua. Babula mpya, au iliyokaa muda mrefu bila kutumika, isuguliwe, ioshwe, ikaushwe kabisa juu ya moto mdogo, kisha wavu wake upakwe mafuta ya kupikia kwa kitambaa, kidogo sana, kana kwamba mtu anataka kuyafuta tena. Ikipashwa moto hadi mafuta yaache kutoa moshi, huachwa ngozi nyembamba nyeusi juu ya chuma. Kazi hiyo ikirudiwa mara tatu au nne, wavu hupata weusi unaong’aa, na samaki hagandi. Mafuta yakipakwa mengi, hubaki utando unaonata.

Baada ya kupika, wavu usuguliwe ungali na moto kwa brashi ya waya au kwa kitunguu kilichokatwa na kuchomwa kwenye uma. Majivu yasilazwe ndani ya babula. Majivu hunyonya unyevu wa usiku, na yakilowa hula chuma kutoka ndani mahali pasipoonekana. Anayeacha majivu leo ataikuta kutu mwezi ujao.

5. Hatua za moto na majina yake

Mtu anayejifunza kupika kwa babula hujifunza, pamoja na kazi ya mikono, orodha ya vitenzi. Kila kitenzi kinataja hatua, na hatua hizo hazirukwi.

Kwanza ni kuwasha. Makala hupangwa kama kichuguu juu ya vijiti vikavu, na kijilango huachwa wazi kabisa. Wengi hutumia mifuko ya plastiki kuwashia. Tabia hiyo ifaa iachwe, kwani moshi wa plastiki una sumu na harufu yake huingia katika chakula.

Pili ni kupepea, yaani kuupelekea moto hewa kwa upepeo au kwa kipande cha boksi. Anayepepea kwa pupa hurusha majivu. Anayepepea taratibu kutoka upande wa kijilango huusaidia moto upande wenyewe.

Tatu ni kukolea. Moto umekolea pale ndimi zinapotulia, na makala yanapokuwa mekundu ndani na kuvaa majivu meupe kwa nje. Hapo ndipo nyama huwekwa, si kabla. Anayeweka nyama wakati ndimi bado zinaruka huipata nyeusi nje na mbichi ndani. Hapo amebabua, hajachoma.

Nne ni kugawa. Makala husogezwa kwa koleo upande mmoja wa babula, ili upande wa pili ubaki na joto la pembeni tu. Juu ya makala, nyama hupata rangi, pembeni, huiva. Katika babula ndogo jambo hilo ndilo linalotenganisha mpishi na mchomaji. Kipimo cha joto ni kiganja cha mkono kikishikiliwa juu ya wavu kwa umbali wa kama upana wa kiganja chenyewe. Kikivumilia sekunde mbili tu, moto ni mkali. Kikivumilia sekunde tano au sita, ni wa wastani.

Vitenzi vya upishi wenyewe navyo vinastahili kutenganishwa. Kuchoma ni neno pana; huchomwa nyama, mahindi, matofali, na hata makala yenyewe huko msituni. Kubanika ni kuweka nyama au samaki katika kijiti au juu ya uchaga ili moto umfikie taratibu. Kubabua ni kupitisha juujuu, kama afanyavyo mtu anayeondoa manyoya ya kuku. Kuunguza ni kosa. Wale wauzao burosheti za mbuzi kando ya barabara jioni hubanika, ingawa wenyewe husema huchoma.

Nyama ya mbuzi haina mafuta mengi, kwa hiyo ikatwe vipande vilivyo sawa, itiwe chumvi mapema, na imaliziwe upande usio na makala. Samaki akaushwe kwa kitambaa kabla ya kuwekwa, apakwe mafuta yeye pamoja na wavu, kisha asiguswe hadi aachie mwenyewe; anayemgeuza kwa haraka huacha ngozi kwenye wavu. Mahindi mabichi na ndizi hupenda moto wa mwisho, uliopungua.

Jambo moja zaidi lahusu mahali. Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo maharagi huchukua muda mrefu kuiva kuliko yanavyochukua Mombasa, na kila dakika ya ziada hulipwa kwa makala. Maharagi yarowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe. Kuchoma nyama ni kazi ya nusu saa. Maharagi ndiyo yanayomaliza gunia.

Hatua ya tano na ya mwisho ni kuzima. Watu wengi huyaacha makala yaishe yenyewe, au huyamwagia maji. Kuyaacha ni hasara, na kumwaga maji ndani ya chuma cha kusubu ni kukipasua. Njia bora ni kuyahamisha kwa koleo hadi katika chungu au sufuria kuukuu yenye kifuniko, nje ya nyumba. Yakikosa hewa huzimika, na kesho huwaka upesi kuliko mapya.

6. Bei ya makala kwa msitu

Kuhifadhi vipande vichache vya makala kwaweza kuonekana kama ubahili. Lakini yafaa ikumbukwe makala yanatoka wapi. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makala huhitaji kilo tano hadi kumi za kuni. Sehemu kubwa ya mti huishia hewani kabla ya chungu kuinjikwa.

Mji wetu uko mlangoni mwa Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1979. Mwaka 1994, baada ya mamia ya maelfu ya wakimbizi kuvuka mpaka kutoka Rwanda na kupiga kambi karibu na mbuga, huko Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kuni za kupikia zilikatwa katika misitu hiyo, na mwaka huo huo mbuga iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mnamo Julai 2007 sokwe kadhaa wa milimani waliuawa kwa risasi katika eneo la Mikeno, na uchunguzi uliofuata uliyahusisha mauaji hayo na biashara ya makala.

Juhudi za kupunguza mzigo huo zimekuwapo. Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na shirika la WWF mwaka 2007, uliwahimiza wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti yao wenyewe ya kuchomea makala. Mwaka 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe kilizinduliwa katika Rutshuru. Hata hivyo, nyumba nyingi zenye taa ya umeme zimeendelea kupika kwa babula, kwani kuwasha taa na kuchemsha maharagi ni gharama mbili tofauti. Tusimlaumu mama anayenunua makala kwa kopo. Tunachoweza kumpa ni ujuzi wa kuyatumia machache zaidi, na ujuzi huo ndio uliomo katika vitenzi vitano tulivyovieleza.

7. Hewa isiyo na moshi

Sasa tufikie lile jambo tuliloliahidi.

Usiku mmoja wa Novemba 2019 mvua ilinyesha Keshero tangu jioni. Wanafunzi wawili waliopanga chumba jirani na kwetu walipika nje, chini ya paa, kwa babula ya bati. Walipomaliza, makala yalikuwa yamekolea vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo. Kwa kuwa kulikuwa na baridi, waliiingiza babula chumbani wajipashe moto wakisoma, wakafunga mlango na dirisha. Alfajiri jirani aligonga asijibiwe, akauvunja mlango. Aliwakuta chini, mmoja akitapika, mwingine hajitambui. Mtu mmoja miongoni mwa waliokusanyika alisema kwamba ni mazuku, na akaagiza wapandishwe kitandani. Dakika kadhaa zilipotea katika kuwainua badala ya kuwatoa nje. Kwa bahati wote wawili walipona. Tulipomuuliza mmoja wao baadaye kwa nini walifunga dirisha, alijibu kwamba hapakuwa na moshi.

Kisa hicho kina makosa mawili, na yote mawili ni ya maneno kabla ya kuwa ya vitendo.

Kosa la kwanza ni mazuku. Neno hili, ambalo litamkumbusha msomaji wa pwani mzuka, hutumiwa kandokando ya Ziwa Kivu kuitaja hewa inayotoka ardhini mwa nchi ya volkeno na kutuama mabondeni. Magharibi ya Goma, kuelekea Lac Vert na Bulengo, kila mtoto huonywa asiingie katika mashimo fulani alfajiri au wakati wa utulivu, kwani mbuzi na watu wamekufa humo. Hewa hiyo ni kaboni dioksidi. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, ndiyo maana hulala chini, na ndiyo maana ushauri wa wazee wa kupanda mahali pa juu ni ushauri sahihi.

Hewa itokayo katika babula chumbani ni nyingine. Ni kaboni monoksidi, inayozaliwa pale makala yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana sana na ule wa hewa ya kawaida, hivyo hailali chini bali hukijaza chumba chote, chini na juu. Aliyeko kitandani huivuta sawasawa na aliyeko sakafuni. Ikiingia katika damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi ilhali mapafu yanaendelea kuvuta. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa viungo. Aliyelala hazioni dalili hizo. Dawa ya kwanza ni kumtoa mtu nje kwenye hewa safi, kufungua milango na madirisha yote, na kumpeleka hospitali hata akisema amepata nafuu.

Kosa la pili ni la neno moshi. Watu wengi hapa huonyana kuhusu ‘moshi wa babula’, na methali yetu husema ‘pafukapo moshi pana moto’. Kutokana na mazoea hayo, akili hufanya hesabu iliyogeuzwa: pasipo moshi, pasi na hatari. Lakini makala yaliyokolea, yale yaliyo bora kwa kuchomea nyama, hayatoi moshi, na bado yanatoa sumu. Hatua ya tatu ya upishi, iliyo nzuri kuliko zote nje ya nyumba, ndiyo yenye udanganyifu kuliko zote ndani ya nyumba. Babula ya chuma cha kusubu, ambayo hushika moto wake kwa saa nyingi, inahitaji tahadhari kubwa zaidi: isiingizwe ndani hata inapoonekana imelala.

Kwa hiyo tunapendekeza hewa hiyo ipewe jina lake yenyewe. Istilahi ya kemia, kaboni monoksidi, inafaa darasani, lakini mama wa nyumbani na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawataitumia jikoni. Tunapendekeza sumu ya makala. Maneno yote mawili yanajulikana na kila mtu katika Keshero; la kwanza linataja hatari bila kungoja moshi, la pili linataja chanzo na hivyo kuitenga hatari hii na mazuku ya ardhini. Mtu wa pwani aweza kusema sumu ya mkaa, na maana haitabadilika. Jina haliziki wala haliponyi lenyewe, lakini aliyekwisha kusikia kwamba makala yana sumu hatauliza kama yanatoa moshi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba babula, neno ambalo wanafunzi wengi hulifuta katika insha zao na kuandika jiko, ni neno lenye ukoo mpana na lina ndugu ndani ya Kiswahili sanifu chenyewe. Tumeonyesha pia kwamba vitenzi vya moto, yaani kuwasha, kupepea, kukolea, kugawa na kuzima, ni mafunzo ya kazi yaliyohifadhiwa katika lugha, na kwamba anayeyafuata huokoa makala, chombo na sehemu ya msitu. Mwisho tumeonyesha pengo moja ambalo msamiati huo haujaliziba.

Kazi ya mwanaisimu haiishii katika kuorodhesha maneno yaliyopo. Pale ambapo watu wanaishi na hatari wanayoiita kwa jina la hatari nyingine, ni wajibu wake kusaidia kupatikana jina linalofaa, na kulijaribu kwa wale watakaolitumia. Tungefurahi ikiwa wanafunzi wetu, wakati wa likizo, wangekusanya makwao maneno ya moto na ya jikoni, pamoja na maelezo ya namna wenyeji wanavyoitaja hewa ya makala wanapoonyana. Wakati huohuo, wanafunzi wanaopanga vyumba katika Keshero waizoee kanuni moja: babula hupikiwa nje, huzimwa nje, na hulala nje.